Kupima Dhana kwa Mtungi na Ndoo: Mwongozo Kamili wa Njia ya Kisayansi

Wengi wetu tuliopita kwenye madarasa ya sayansi tunaweza kutaja hatua za njia ya kisayansi kwa mpangilio wake, kuanzia uchunguzi hadi hitimisho, lakini ni wachache waliowahi kuzitumia kuamua jambo ambalo hawakuwa na jibu lake. Majaribio mengi ya shuleni hufanywa huku jibu likiwa tayari limeandikwa kitabuni, na mwanafunzi ambaye vipimo vyake vimekwenda kombo huvirekebisha kimyakimya ili vifanane na vya mwenzake. Tabia hiyo ni kinyume kabisa cha sayansi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi, ambaye angependa kufanya uchunguzi mmoja wa kweli nyumbani kwake, na kwa kuufanya aelewe jinsi wanasayansi wanavyofikia kauli wanazozitoa. Swali tutakalolifuata ni la kawaida: je, mtungi wa udongo hupoza maji katika hewa ya Dar es Salaam, na kama hupoza, ni kwa sababu gani? Msisitizo wangu ni mmoja: jaribio lazima lipangwe kwa namna ambayo dhana yako inaweza kushindwa, na lazima uandike mapema, kabla ya kupima chochote, ni matokeo gani yatakayoishinda.

Andika ulichokiona kabla ya kukieleza

Tenga daftari moja kwa kazi hii na uandike kwa wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, kwa maana kipimo kilichofutwa leo kinaweza kugeuka kuwa cha muhimu wiki ijayo. Katika ukurasa wa kwanza eleza ulichokiona, ukiweka tarehe, saa na mahali, na ujihadhari usichanganye jambo na maelezo yake. Mtu akisema kwamba mtungi una ubaridi wake wa asili, hajaeleza alichokiona, bali ametoa sababu ambayo hajaipima. Alichokiona ni kwamba maji yaliyolala mtungini yalikuwa baridi mdomoni kuliko yaliyolala kwenye ndoo ya plastiki, na kwamba alipogusa ukuta wa nje wa mtungi mkono wake ulipata unyevu. Unyevu huo ni jambo dogo linalopuuzwa kirahisi, nao ndio utakaotuongoza baadaye.

Historia ya nchi yetu ina mfano wa uchunguzi wa namna hii ambao kila mwanafunzi angepaswa kuufahamu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friji, aliingiza mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, na baadaye akaukuta umeganda huku ule wa mwenzake, ulioingizwa bila kuchemshwa, ukiwa bado haujaganda. Alipomuuliza mwalimu wake aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Miaka kadhaa baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alilirudia swali hilo mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amealikwa shuleni, na wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakuamini alichoambiwa, lakini hakukikataa pia. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara akipime. Fundi alileta habari kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, kisha akaahidi kwamba wataendelea kurudia jaribio hilo mpaka wapate jibu sahihi.

Ahadi hiyo ya fundi inahitaji kutazamwa kwa makini. Anayerudia jaribio mpaka apate jibu analolitaka, kisha akaacha hapo, hajapima kitu. Amechagua tu siku iliyokubaliana naye. Hatua nyingi zinazofuata zipo kwa sababu akili ya binadamu, hata ya mtu mwaminifu, hufanya hivyo bila mwenyewe kujua.

Geuza udadisi uwe swali linalopimika

Swali la kama mtungi ni bora kuliko ndoo halipimiki, kwa kuwa ubora una maana nyingi. Liandike upya hivi: je, baada ya saa sita kivulini, lita 5 za maji ndani ya mtungi zitakuwa na joto dogo kuliko lita 5 za maji yaleyale ndani ya ndoo ya plastiki iliyowekwa kando yake, na tofauti itakuwa nyuzi ngapi? Swali la namna hii linataja kitu kinachobadilishwa, yaani chombo, kitu kinachopimwa, yaani nyuzijoto, na yale yanayobaki bila kubadilika, yaani kiasi cha maji, muda na mahali.

Tafuta yaliyokwisha kujulikana

Kabla ya kununua chochote, soma. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina vitabu vya fizikia vya ngazi zote, na kitabu chochote cha sekondari kinachoeleza joto fiche kitakutosha. Utakuta kwamba maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka kwenye vitu vilivyo karibu nayo, na kwamba joto hilo ni kubwa ajabu: gramu 50 tu zikivukiza kutoka kwenye lita 5 zinaweza kushusha joto la maji yaliyobaki kwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi, ikiwa hakuna joto jingine linaloingia kutoka nje. Mtungi ambao haukupakwa rangi wala kung'arishwa una vitundu vidogo mno vinavyopitisha maji hadi ukuta wa nje, na huko ndiko yanakovukiza.

Lakini uvukizaji unategemea ukavu wa hewa, na hapa ndipo Dar es Salaam inapokuwa mahali pagumu kwa mtungi. Hewa yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida kwa mji wa pwani, haiwezi kupoza maji kwa uvukizaji kupita takriban nyuzi 26. Hewa ya joto hilohilo yenye unyevu wa asilimia 35, kama inavyoweza kuwa Dodoma wakati wa kiangazi, inaweza kuyashusha hadi karibu nyuzi 19. Hivi ni vikomo vya kinadharia, na mtungi halisi hautavifikia kwa sababu joto la nje huingia muda wote. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anayetarajia maji ya mtungini yawe baridi kama ya friji anatarajia jambo ambalo fizikia hairuhusu, na ukitaka kuweka utabiri wenye akili ni lazima uujue mpaka huo mapema.

Weka dhana mbili zinazopingana

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko nyingine zote, nami naiona kuwa kiini cha kazi nzima. Mtu mwenye dhana moja hutafuta ushahidi wa kuiunga mkono, na kwa kawaida huupata. Mwenye dhana mbili zinazoshindana hulazimika kutafuta mahali zinapoachana.

Dhana ya kwanza inasema kwamba maji hupoa kwa sababu yanapenya ukuta wa mtungi na kuvukiza. Dhana ya pili inasema kwamba uvukizaji hauna nafasi, na kwamba udongo wenyewe kwa unene wake ndio unaozuia joto la nje lisiingie. Angalia kwa makini: dhana zote mbili zinatabiri kwamba wakati wa mchana maji ya mtungini yatakuwa baridi kuliko ya ndoo. Ukilinganisha mtungi na ndoo peke yake, ukapata tofauti ya nyuzi 3, hutakuwa umejifunza lolote kuhusu sababu, hata kama ungerudia kipimo hicho mwaka mzima. Majaribio mengi yanayosambazwa mitandaoni yana udhaifu huu hasa, kwamba matokeo yake yanakubaliana na maelezo yoyote ambayo msimulizi amependa kuyatoa.

Njia ya kutoka hapo ni kuongeza chombo cha tatu: mtungi unaofanana na wa kwanza kwa umbo na unene, lakini uliopakwa rangi ya mafuta upande wote wa nje ili maji yasiweze kuvukiza kupitia ukuta wake. Dhana ya kwanza inatabiri kwamba mtungi uliopakwa rangi utashindwa kushusha joto la maji na utafanana zaidi na ndoo. Dhana ya pili inatabiri kwamba utafanana na mtungi mwenzake. Haziwezi kuwa sahihi zote mbili, na sasa kipimajoto kina kazi ya kuamua. Tena zinaachana kwa namna nyingine: chombo kinachochelewesha tu joto kuingia huchelewesha pia joto kutoka, hivyo hewa ikipoa usiku maji yake yatabaki na joto kubwa kuliko hewa, wakati chombo kinachopoza kwa uvukizaji kitaendelea kuwa chini ya joto la hewa.

Sasa andika daftarini, kwa tarehe na sahihi yako, maneno kama haya: "Kama saa saba mchana wastani wa joto la maji ya mtungi usiopakwa rangi hautakuwa chini ya ule wa mtungi uliopakwa kwa angalau nyuzi 2, nitakubali kwamba dhana ya uvukizaji haikuthibitika katika mazingira haya." Ukiogopa kuandika sentensi hiyo, jiulize kama kweli unataka kujua.

Panga jaribio

Nunua mitungi miwili inayofanana kutoka kwa mfinyanzi au muuzaji mmoja, na ndoo moja ya plastiki ya ukubwa unaokaribiana nayo. Paka mtungi mmoja rangi ya mafuta kwa nje, mikono miwili au mitatu, na uuache ukauke kwa siku kadhaa mahali penye hewa. Maji ya vyombo hivi yasinywewe wakati wa jaribio. Mtungi mpya usiopakwa ujaze maji kutwa moja kabla ya kuanza, maana udongo mkavu hunywa maji mengi kwanza kabla ya kuyapitisha nje. Vyombo vyote vitatu vifunikwe kwa vifuniko au sahani, kwa sababu midomo yake haitoshani, na mdomo mpana ulio wazi ungevukiza maji mengi kuliko mwembamba na kuharibu ulinganisho.

Kuhusu kipimajoto, kile cha kupimia homa hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kwa joto la mwili na vingi huanzia nyuzi 35 hivi. Tafuta cha maabara chenye spiriti, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, na uepuke chenye zebaki kwa sababu kikivunjika mvuke wake ni sumu. Tumia kipimajoto kimoja kwa vyombo vyote. Ukilazimika kutumia viwili, vitumbukize kwanza pamoja kwenye bakuli moja la maji, na kama havikubaliani andika tofauti yake ili uitoe baadaye.

Maji ya vyombo vyote yatoke kwenye pipa moja, na yawe yamelala ndani ya nyumba usiku kucha ili yaanze yakiwa na joto la hewa. Pima lita 5 kwa jagi lilelile. Weka vyombo kwenye baraza yenye kivuli cha kutwa, juu ya meza au mbao, vikiachana kwa urefu wa mkono. Kwa kuwa kona moja ya baraza inaweza kupata upepo wa bahari kuliko nyingine, nafasi za vyombo zisibaki zilezile: kila asubuhi andika majina ya nafasi tatu kwenye vikaratasi, changanya, uvute bila kuangalia. Kura hiyo inakuzuia wewe mwenyewe kuuweka mtungi unaoupenda mahali penye upepo mzuri, na inazifanya tofauti za mahali zigawanyike kwa vyombo vyote badala ya kukaa upande mmoja.

Kura ya namna hii ndiyo uti wa mgongo wa tafiti kubwa za tiba. Chanjo ya malaria ya RTS,S, kabla ya kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021, ilifanyiwa jaribio lililoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kikiwamo cha Bagamoyo na cha Korogwe, likihusisha watoto zaidi ya 15,000. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipata chanjo ya malaria na wengine chanjo nyingine isiyohusiana na malaria, na wazazi hawakuambiwa nani amepata ipi. Kama chanjo ingepewa wale ambao wazazi wao waliitaka zaidi, pengine hao wangekuwa ndio walewale wanaolala kwenye vyandarua kila usiku, na asingepatikana mtu wa kusema ni kipi kilichowakinga. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, jaribio lilionyesha upungufu wa karibu asilimia 36 ya matukio ya malaria katika muda wa takriban miaka minne. Kipimo hicho hakikuwa kikubwa kama wengi walivyotamani, lakini kiliaminika, na uamuzi wa kiafya uliweza kujengwa juu yake.

Pima na uandike kila kitu

Pima saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, kwa angalau siku sita. Kila mara andika pia joto la hewa kivulini, hali ya anga na upepo, na kiwango cha unyevu wa hewa kama una kifaa chake. Koroga maji taratibu, tumbukiza kipimajoto hadi katikati ya kina, subiri dakika mbili, kisha usome jicho likiwa sawa na usawa wa spiriti. Ikiwezekana, mwombe mtu asiyejua unachokitarajia asome, nawe uandike anachokitaja, kwa kuwa jicho linalosubiri namba ndogo huiona namba ndogo. Kila asubuhi pima pia uzito wa chombo pamoja na maji yake kwenye mizani, maana dhana ya uvukizaji inatabiri kwamba mtungi usiopakwa utapungua uzito kuliko mingine. Ikinyesha siku moja, ipime na kuiandika kama nyingine.

Soma matokeo bila kuyasukuma

Kwa kila siku toa joto la mtungi usiopakwa kutoka kwenye joto la mtungi uliopakwa, kisha tafuta wastani wa tofauti hizo. Jiulize kwanza kama tofauti ni kubwa kuliko uwezo wa kifaa chako: kipimajoto unachokisoma kwa kukadiria nusu nyuzi hakiwezi kukuambia lolote kuhusu tofauti ya robo. Kisha jiulize kama bahati tu ingeweza kuleta matokeo hayo. Kama mitungi miwili isingetofautiana kabisa, uwezekano wa ule usiopakwa kuwa baridi zaidi siku sita mfululizo ungekuwa nusu iliyozidishwa kwa nusu mara sita, yaani 1 kwa 64. Siku mbili mfululizo zina uwezekano wa 1 kwa 4, ambao hautoshi kumshawishi mtu makini, na hiyo ndiyo sababu tumeomba siku sita badala ya mbili.

Baada ya hapo rudi kwenye sentensi uliyoitia sahihi. Kama mpaka uliouweka ulikuwa nyuzi 2 nawe umepata wastani wa nyuzi 1, dhana yako imeshindwa kwa kipimo ulichojiwekea, na hivyo ndivyo utakavyoandika. Unaruhusiwa kupendekeza sababu, kwa mfano kwamba siku hizo zilikuwa za masika na hewa ilijaa unyevu, lakini sababu hiyo ni dhana mpya inayodai jaribio lake: rudia kazi yote wakati wa kipupwe, Juni au Julai, ukitabiri mapema kwamba tofauti itaongezeka. Matokeo yanaweza pia kukaa katikati, mtungi uliopakwa ukiwa baridi kidogo kuliko ndoo na wa kawaida ukiwa baridi kuliko yote. Hapo utakuwa umegundua kwamba unene wa udongo una mchango wake na uvukizaji una wake, na utaweza hata kukadiria ukubwa wa kila mmoja, jambo ambalo dhana yoyote kati ya mbili ulizoanza nazo isingelisema peke yake.

Toa kazi yako ipingwe

Uchunguzi uliobaki daftarini bado haujaingia kwenye sayansi. Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao kwa pamoja mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, wakieleza walivyofanya ili yeyote aweze kurudia, na watu wamerudia mpaka leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden huko Uingereza walichapisha uchambuzi uliotilia shaka tukio lenyewe. Walipopima kwa uangalifu hawakupata ushahidi wake, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunaweza kuzalisha tofauti inayofanana na ile inayotafutwa. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada walionyesha tukio la aina hiyo, la kitu chenye joto zaidi kupoa upesi zaidi, katika mfumo wa chembe ndogo ulio tofauti kabisa na maji yanayoganda. Mjadala haujafungwa, na wanaojibizana wanapingana juu ya mahali pa kuweka kipimajoto na tafsiri ya vipimo, si juu ya cheo cha mtu aliyeuliza swali. Na hii ndiyo sababu ya kukuagiza ukoroge maji na kupima katikati ya kina kila mara.

Ripoti yako iwe na swali, dhana zote mbili, sentensi ya sahihi, ukubwa wa vyombo, namna ulivyopima, na jedwali la vipimo vyote pamoja na vile visivyokupendeza, kisha mpe mtu mwenye uwezo wa kukukosoa: mwalimu wa fizikia, wenzako darasani, au waamuzi wa maonyesho ya Young Scientists Tanzania ukiwa bado sekondari. Mwombe atafute sababu nyingine ambayo hukuifikiria, na akiipata, ongeza chombo cha nne. Ukiwa na ndugu au rafiki Dodoma, mpelekee maelekezo haya afanye vilevile katika wiki ileile. Na kama vipimo vyake vitatofautiana na vyako, linganisheni kwanza unyevu wa hewa, unene wa mitungi na kina cha kipimajoto kabla mmoja wenu hajasema kwamba mwenzake amekosea.